Binti anataka kusoma Ghana muhula mmoja: hela ya wanafunzi weusi iko wapi hasa?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Greensboro, North Carolina, nalifupisha kidogo: "Sisi ni Wakongomani, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, tukafika Marekani 2015. Binti yangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili kwenye HBCU (vile vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi), anasoma afya ya jamii, anapata Pell Grant (ule msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji, haurudishwi). Anataka kwenda Ghana muhula wa Agosti mwakani. Programu ni dola 18,500 pamoja na nyumba, mimi hizo sina. Amepewa karatasi ya skolashipu za wanafunzi weusi, nusu ya linki hazifunguki na zingine zimebadilika. Je kuna hela ya kweli kwa ajili ya watoto weusi au tunajisumbua? Na sisi tuliotoka kambini tunahesabiwa kwenye hiyo 'Black'? Mimi niliapa uraia 2021, yeye bado ana grini kadi, hajaomba uraia."

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa kirefu hivi, maana kuna kitu umekitaja mwishoni kabisa ambacho kwangu ndo cha kwanza. Nafanya kazi ya kuwashauri wanafunzi wanaotaka kusoma nje na kila mwaka naona watoto wa jamii yetu wanakosa hela kwa sababu ya kale kakisanduku kamoja tu kwenye fomu, kale ka uraia.

Uliapa 2021. Binti sasa ana 20, kwa hiyo wakati unaapa alikuwa na 16 hivi. Kama alikuwa na grini kadi tayari na alikuwa anaishi na wewe hapa Marekani, na wewe ndo mwenye malezi yake kisheria, basi binti yako hana uraia wa kuomba. Anao. Aliupata siku ile ile uliyonyanyua mkono, kwa sheria ya mwaka 2000 inayohusu uraia wa watoto, mtoto aliye chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu anaufuata uraia wa mzazi wake moja kwa moja bila mtihani wala kiapo. Hakuna aliyewapigia simu kuwaambia kwa sababu serikali haipigi simu, na ile grini kadi inabaki mkononi mwake kama vile hakuna kilichobadilika, kwa hiyo kila fomu anayojaza anaweka "mkaazi wa kudumu" na mlango unafungwa.

Skolashipu kubwa za serikali za kwenda kusoma nje kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza zinataka raia. Grini kadi haitoshi. Kwa hiyo kabla ya esei, kabla ya barua za walimu, kabla ya chochote, shughulikieni hili. Kuna cheti cha uraia cha fomu N-600, kile kinagharimu zaidi ya dola 1,300, sio lazima muanze nacho. Njia nafuu ni aombe pasipoti ya Marekani, mtu mzima anayeomba mara ya kwanza analipa dola 130 na 35 juu ya kupokelewa, jumla 165. Mbebe cheti chako cha uraia, grini kadi yake, cheti chake cha kuzaliwa na ushahidi kwamba mlikuwa mnaishi pamoja kabla hajafika 18 (rekodi za shule zinasaidia sana hapa). Najua watoto wengi wa Nyarugusu makaratasi ya kuzaliwa ni shida, jina moja limeandikwa namna tatu, tarehe zote ni 1 Januari. Kama ndo hivyo, msiende kichwa kichwa, nendeni kwanza kwa shirika lililowapokea au wakili wa uhamiaji wa bei nafuu awaangalizie faili, na muanze sasa hivi sio mwezi wa sita.

Na hata tukiacha skolashipu, mtu aliyeingia kama mkimbizi hawezi kuruka tu na pasipoti ya nchi aliyoikimbia halafu akarudi kwa amani. Pasipoti ya Marekani inamaliza mambo mawili kwa mpigo.

Sasa swali lako lenyewe.

Ile karatasi kuwa na linki zilizokufa sio uzembe wa ofisi peke yake. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Harvard na chuo kikuu cha North Carolina, hapo hapo jimboni kwenu, kwamba vyuo visiangalie rangi ya mtu kwenye kupokea wanafunzi. Kesi ilihusu udahili, haikuhusu skolashipu, lakini mawakili wa vyuo na mifuko mingi wakaogopa, wakaanza kufuta au kuandika upya masharti yote yaliyosema "kwa wanafunzi weusi". Alafu Februari 2025 wizara ya elimu ikatuma barua kwa vyuo ikisema tafsiri yao ya hukumu inagusa na skolashipu, ile barua ikapingwa mahakamani lakini hofu ilishasambaa. Kwa hiyo karatasi yoyote iliyochapwa kabla ya hapo imechakaa. Mingine ipo ila imebadilisha jina, mingine sasa inasema "mwanafunzi wa kwanza kusoma chuo kwenye familia" au "mwenye uhitaji wa kifedha" au "anayetoka kwenye kundi lisiloonekana sana kwenye kusoma nje".

Hilo la mwisho linamgusa binti yako moja kwa moja. Kwa hesabu za kila mwaka, kati ya wanafunzi wa Marekani wanaoenda kusoma nje, weusi ni kama asilimia 6 tu, wakati kwenye vyuo vyenyewe sehemu yao ni karibu mara mbili ya hiyo. Mifuko inajua hilo pengo na bado inataka kulipunguza, ila lugha ya fomu imebadilika. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wote waache kutafuta kwa neno "weusi" tu, kwa sababu hela nyingi ambayo kweli inawafikia watoto weusi imekaa chini ya majina mengine, na jina kubwa kuliko yote ni Pell Grant. Binti tayari analo.

Kuhusu kuhesabiwa: ndio, mnahesabiwa. Fomu za Marekani zinasema Black au African American kwa mtu mwenye asili ya makundi ya watu weusi wa Afrika, na binti anajitaja mwenyewe, hakuna anayempima. Zipo skolashipu chache za watu binafsi zinazosema wazi ni za wajukuu wa waliofanywa watumwa Marekani, hizo zina historia yake na sababu yake, aziheshimu, aziache. Zilizobaki ajaze bila woga.

Skolashipu ya kwanza kabisa kwake ni Gilman. Ni ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ilianza 2001, na sharti lake la msingi ni kuwa raia na kuwa unapata Pell Grant, yaani imetengenezwa kwa mtu kama yeye. Inatoa mpaka dola 5,000, na wanaosoma lugha fulani zinazohitajika wanaweza kufika 8,000. Kwa muhula wa Agosti dedilaini ni mwezi wa tatu. Hii ndo sababu nimeanza na pasipoti.

Ya pili ni Fund for Education Abroad, watu wanaiita FEA, ilianza 2010, sio ya serikali, na hii inapokea raia na wenye grini kadi pia, kwa hiyo hata kama mambo ya makaratasi yatachelewa hii iko wazi kwake. Kwa muhula mmoja inaweza kufika dola 5,000, kwa mwaka mzima 10,000, na inawapa kipaumbele hasa wanafunzi wa jamii ambazo haziendi nje sana na wale wa kwanza kwao kufika chuo. Dedilaini yake huwa mwezi wa kwanza, yaani inatangulia Gilman, kwa hiyo esei yake ndo itaandikwa mwanzo.

Ipo na Frederick Douglass Global Fellowship ya CIEE, shirika linaloendesha programu za kusoma nje, ilianza 2017 ikiwalenga wanafunzi wa vyuo kama chake, lakini hiyo ni ya wiki nne za kiangazi na wao ndo wanapanga mahali, haiwezi kulipia Ghana ya muhula. Naitaja kwa sababu kama mpango wa Ghana utakwama, ile inalipa karibu kila kitu. Na ipo Boren, skolashipu nyingine ya serikali, mpaka dola 25,000, hela nzito kweli, lakini sharti lake ni kusoma lugha kwa undani na baadaye kufanya kazi serikalini angalau mwaka mmoja, wapo wanafunzi Wamarekani weusi wanaenda Arusha kwa hela hiyo hiyo kujifunza Kiswahili ambacho binti yako anakiongea jikoni. Kwa muhula mmoja wa afya ya jamii sio mahali pake, labda kama atabadilisha mpango. Hizi za serikali zote zinategemea bajeti ya Congress, kwa hiyo tarehe na kiasi azisome kwenye ukurasa wenyewe wa programu, asikubali kuambiwa na mtu wala karatasi.

Tovuti yoyote itakayomwambia alipe ili aombe skolashipu, aifunge.

Sasa tuje kwenye ile 18,500, kwa sababu naona imekutisha na nakuelewa, lakini ile sio namba yenu. Mtoto akienda Ghana muhula huo hatalipa chuo cha nyumbani mara ya pili. Tuseme muhula mmoja hapo kwake ada, bweni na chakula ni dola 10,500, basi tofauti ya kweli ni 8,000. Ongeza ndege, bima, chanjo ya homa ya manjano (Ghana hawakuingizi bila kile cheti, na bima nyingi za hapa haziilipii), pasipoti na hela ya mkononi, tuseme 2,500. Hapo pengo ni 10,500, na hilo ndo la kutafutia skolashipu, kama, na hii "kama" ndo ya kukomalia, kama misaada yake ya sasa itasafiri naye.

Sheria ya misaada ya elimu ya juu inaruhusu Pell Grant na mikopo ya serikali kutumika kwenye programu ya nje ilimradi chuo chake kimekubali masomo yale yahesabike kwenye digrii. Pell kwa mwaka wa 2025-26 ni mpaka 7,395, nusu yake kwa muhula. Hiyo inaenda. Zaidi ya hapo, ofisi ya msaada wa fedha inaweza kuongeza bajeti yake ya muhula ule ili gharama za Ghana ziingie, ndege ikiwemo, na hiyo inafungua nafasi ya msaada zaidi, ila hawafanyi mpaka aombe na apeleke karatasi ya gharama kutoka kwenye programu. Shida inakuja kwenye hela ya chuo chenyewe. Skolashipu nyingi za chuo zina sharti kwamba ni lazima uwe umejiandikisha pale pale, au zinasafiri kwenye programu za kubadilishana wanafunzi lakini hazisafiri kwenye programu za makampuni ya nje. Ile kazi ya chuo ya masaa kadhaa kwa wiki nayo kwa kawaida haisafiri, na nyinyi mnajua ile hela inalipa nini nyumbani, kwa hiyo iingizeni kwenye hesabu kama hasara.

Aende ofisini mwenyewe, akae chini na mtu, aulize haya na aondoke na majibu kwenye imeili: ni msaada upi kati ya niliyonayo unaenda na mimi Ghana na upi unabaki, je nikienda kwa njia ya kubadilishana badala ya hii programu inabadilika nini, na hela inaingia lini, maana mara nyingi misaada inatoka muhula ukianza wakati programu inataka malipo miezi miwili kabla. Nimeona mwanafunzi amepata skolashipu zote na bado amekwama kwa sababu ya hiyo miezi miwili. Programu nyingi zinakubali kusubiri zikipata barua kutoka ofisi ya msaada wa fedha, lakini lazima uombe mapema.

Hiyo ya kubadilishana iangalieni kwa makini. Chuo kikiwa na mkataba na chuo cha Ghana, binti analipa ada yake ile ile ya nyumbani na anakaa darasani Legon, yaani Chuo Kikuu cha Ghana, kama wanafunzi wengine, na hapo 18,500 inaweza kushuka sana. Kama chuo chake hakina mkataba wa moja kwa moja, aulize kama ni mwanachama wa ISEP, ule mtandao unabadilishana wanafunzi kwa mtindo huo. Programu za makampuni ni nzuri, zina mtu wa kumpokea uwanja wa ndege na simu ya dharura, kwa mzazi hiyo ni amani, ila hiyo amani inalipiwa. Na akibaki na programu ya kampuni, aiulize inampa nini mtu wa Pell. SIT kwa mfano, wale wenye programu Arusha na Zanzibar, wana msaada unaowahusu wanafunzi wa Pell peke yao. Wengine wengi wana kitu kama hicho na mara nyingi kinapatikana kwa fomu fupi tu, ila hakitangazwi sana.

Kwa hiyo akipata tuseme 3,500 Gilman, 3,000 FEA na 2,500 kutoka kwenye programu, zile 10,500 zimebaki 1,500. Hizo namba ni za mfano, simuahidi mtu, lakini muone ukubwa wa mlima wenyewe.

Esei sasa, hapa nataka asome yeye mwenyewe. Wanaosoma maombi ya Gilman wanapitia rundo la esei zinazoanza na "tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuiona Afrika." Binti yako amezaliwa Afrika, amekulia kambini Tanzania, akiandika hivyo anaitupa silaha yake. Aandike kitu ambacho mwenzake hawezi kuandika. Kuna mwanafunzi mmoja aliniletea esei ya namna hiyo, kurasa nzima ya ndoto, nikamuuliza kwani Jumamosi huwa unafanya nini, akasema nampeleka bibi kliniki namtafsiria. Nikamwambia andika hiyo. Akaandika jinsi daktari alivyouliza kuhusu presha na bibi akajibu kwa habari za moyo kwenda mbio tangu vita, na yeye katikati akiwa na miaka 15 hajui atafsiri lipi, na kwamba ndo maana anataka kuona nchi nyingine ya Afrika inavyopanga bima ya afya ya taifa na wahudumu wa vijijini. Ghana wameanza bima yao ya taifa 2003, ni somo halisi, sio utalii. Esei ikasimama.

Halafu Gilman inataka mradi wa kufanya ukirudi, kuwaambia wanafunzi wengine kuhusu kusoma nje na skolashipu yenyewe. Hapa wengi wanaandika "nitawashirikisha marafiki zangu kwenye mitandao" na wanapoteza alama. Aandike ni kanisa gani au darasa gani la mwaka wa kwanza, nani mwenye funguo za ukumbi, ataongea na nani, kwa lugha gani. Hapo kwenu kuna vijana wa Kikongo wanaongea Kiswahili ambao hawajui kabisa kwamba Pell inaweza kuvuka bahari. Akisema atakaa nao baada ya ibada na kuwajazisha FAFSA (ile fomu ya kuomba misaada ya serikali ya masomo) na kuwaonyesha fomu ya Gilman, na mchungaji ameshakubali, hiyo ni mradi. Ahakikishe mchungaji kweli ameshakubali.

Barua ya mwalimu kwa zile zinazoitaka aiombe wiki sita kabla, ampe mwalimu rasimu ya esei na mambo mawili matatu anayotaka yatajwe. Mwalimu wa HBCU anayemjua kwa jina ana nguvu kuliko profesa maarufu asiyemkumbuka.

Kuhusu kodi, kwa kifupi: hela ya skolashipu inayolipa ada haina kodi, inayolipa ndege, nyumba na chakula kisheria ni kipato, kwa hiyo atunze risiti na amwambie anayewajazia fomu za kodi.

Na wakimkatalia? Wanakatalia wengi, na mtu anaweza kuomba tena. Asipopata Gilman ya mwezi wa tatu, upo mzunguko mwingine mwezi wa kumi kwa watakaoondoka Januari, kwa hiyo aiulize programu mapema kama anaweza kusogezwa muhula mmoja bila kupoteza amana yake. Ofisi ya msaada wa fedha nayo ikisema hapana inaandikiwa tena, kwa adabu, na karatasi mpya mkononi: kipato chako kikishuka, ukiumwa, mtoto mwingine akiingia chuo, hayo yote ni sababu wanazoruhusiwa kuziangalia upya. W.E.B. Du Bois mwenyewe, yule msomi Mmarekani mweusi maarufu, alipotaka kwenda kusoma Berlin aliomba hela kwenye mfuko wa Slater, mfuko wa kusaidia elimu ya watu weusi, ambao mwenyekiti wake Rutherford Hayes, rais mstaafu, alishatamka hadharani kwamba hawajampata kijana mweusi wa kumpeleka. Wakamnyima. Akaandika tena, barua kali yenye hoja, akaambatanisha mapendekezo ya maprofesa wake wa Harvard, na 1892 akapanda meli, nusu ya hela msaada, nusu mkopo. Binti asiandike kwa ukali ule, lakini aandike tena.

Wewe kwa upande wako wiki hii tafuta kile cheti chako cha uraia na grini kadi yake, piga picha pande zote mbili, na kama majina hayafanani niambie yametofautiana wapi.